Fidla yenye jina la Stradivarius: soma kabla hujaipigia bei

Mteja mpya akitutumia picha, mara nyingi si ya fidla yenyewe. Ni ya karatasi iliyobandikwa ndani, imepigwa kupitia tundu lenye umbo la herufi f: Antonius Stradivarius Cremonensis, Faciebat Anno 17 na kitu, yaani kwa Kilatini, Antonio Stradivari wa Cremona aliitengeneza mwaka huo. Chini yake swali moja: hii ni shilingi ngapi?

Tusipotezeane muda: karibu kwa hakika si ya Stradivari. Fundi huyo mashuhuri wa fidla alifariki Cremona, Italia, mwaka 1737, na fidla zake zilizobaki duniani ni kama 500 hivi, nyingi zikiwa zimeorodheshwa na wataalamu. Karatasi ile iliwekwa kuonyesha mfano ulioigwa, na wauzaji wengine hawakuona haja ya kumfafanulia mnunuzi.

Nyingi ya fidla zenye karatasi hiyo zilitoka Schönbach, mji mdogo wa magharibi mwa Bohemia, ambao leo ni Luby nchini Ucheki, au ng'ambo ya mpaka wake, Markneukirchen, Ujerumani. Kule kazi iligawanywa nyumba kwa nyumba. Familia hii ilichonga shingo na vichwa, ile ilichonga migongo ya mti wa mepo, nyingine mbao za juu za msprusi. Vipande vilikusanywa na wafanyabiashara, vikaunganishwa, vikapakwa vanishi na kusafirishwa kwa wingi hadi Marekani. Malipo ya wachongaji yalikuwa madogo, lakini mikono yao ilikuwa myepesi ajabu. Tangu 1873 mji ulikuwa hata na shule ya ufundi huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakazi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa Czechoslovakia, na mafundi wengi wakaanza upya Bubenreuth, Bavaria. Luby ikaendelea kutengeneza fidla kiwandani.

Sisi tukitaka kujua fidla imetoka wapi, karatasi tunaisoma mwisho. Tunaingiza kioo kidogo na taa. Fundi makini huweka kipande cha mbao katika kila pembe ya ndani. Za bei rahisi wakati mwingine hazina, au zina vibao vyembamba vya kuzugia. Tunatazama pia ufito wa besi, yaani kijiti kirefu kilicho chini ya ubao wa juu. Ukiwa umechongwa pamoja na ubao, badala ya kugundishwa, hiyo ni kazi ya haraka ya pande hizo. Na kama pameandikwa Czechoslovakia, basi haiwezi kuwa ya kabla ya 1918, maana nchi hiyo haikuwapo.

Ucheki una mafundi wa daraja jingine kabisa. Otakar František Špidlen wa Prague (1896–1958) alirithi kazi kwa baba yake František, aliyewahi kufanya kazi Moscow, na mwanawe na mjukuu wake wakaiendeleza. Ukiona jina hilo ndani, usiuze kwa haraka. Usishangilie pia, kwa sababu majina makubwa yote hubandikwa popote.

Je, ya Schönbach inafaa kukarabatiwa? Kwa maoni yetu, mara nyingi ndiyo. Mbao zake zimekauka miaka mingi, na ikipata daraja zuri, yaani kibao kinachoinua nyuzi, huwashinda wengi wa vyombo vipya vya dukani. Maungio yakiachia kwa unyevu wa pwani, hiyo si ajali kubwa: gundi ya asili, inayotokana na ngozi za wanyama, hulegea na kugundishwa tena. Shida ni supaglu. Tukikuta imetumika, kazi inakuwa ndefu na bei inapanda, kwani haiachii bila kung'oa mbao.

Kuitazama hatutozi. Ukiileta, usiibandue karatasi, na nyuzi zilegeze kidogo tu, usizitoe zote. Nguzo ya sauti iliyo ndani haina gundi. Inashikiliwa na mkandamizo, na nyuzi zikiondoka zote huanguka.