Mtungi wa gesi upimwe kwa povu kabla muuzaji hajaondoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa gesi ya kupikia, wenye nyumba za kupangisha, na sisi wapangaji wenyewe.

Sina ugomvi na gesi. Aliyepikia mkaa miaka mingi anaujua moshi wake na bei yake, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ni jambo jema kabisa. Lakini huku kwetu Mbagala, kama ilivyo Manzese na Tandale, mtungi hauendi kwenye jiko lenye mlango wake. Unaingia kwenye chumba kimoja chenye kitanda, kabati, ndoo za maji na pazia, unawekwa karibu na godoro. Mkaa tulikuwa tunauwasha nje. Gesi tunalala nayo.

Na gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni na kujikusanya uvunguni. Ikifika kama sehemu 2 tu kati ya 100 za hewa ya pale, cheche yoyote inatosha: swichi ya taa, friji inayojiwasha yenyewe, jiko la jirani kwenye korido. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili itushtue. Ukiisikia usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watoto nje, waambie na wenzako wa vyumba vya pili wasiwashe chochote.

Sehemu zinazovuja zinajulikana. Kwenye mtungi mdogo ambao jiko lake linafungwa juu moja kwa moja, ni ule mpira wa duara mdomoni, ukichakaa au jiko likifungwa upande. Kwenye mtungi mkubwa ni mpira mrefu wa kupeleka gesi jikoni, hasa ncha zake mbili. Ukitaka kuujua umri wake, ukunje kidogo kwa vidole: uliochoka unaonyesha nyufa nyembamba pale unapokunjika. Nimeona uliopasuka ukifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na chakula kikaendelea kupikwa. Nimeona pia kijana wa dukani akitafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti inayowaka, akipitisha mdomoni mwa mtungi mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu wengi wetu tunaamini ndivyo inavyopimwa.

Inapimwa kwa povu la sabuni. Paka kwenye maungio yote, fungua gesi jiko likiwa limezimwa, tazama. Povu likitoa vipovu vinavyokua, panavuja. Ni kazi ya dakika mbili na sabuni ya kufulia.

Ndiyo maana nawaomba wauzaji: anayeleta mtungi, hata kama ni kijana wa bodaboda, aufunge yeye, apake povu, mteja aone, ndipo alipwe. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, imekuwa ikituhimiza tudai mtungi upimwe kwenye mizani, na watu wengi sasa wanadai kilo zao bila aibu. Tudai na povu vilevile. Kilo zikipungua ni hasara ya fedha, lakini uvujaji unachukua watu. Na mpira mpya uuzwe papo hapo dukani, usiwe kitu cha kufuatwa Kariakoo.

Kwa wenye nyumba nina neno moja. Nondo za madirishani mmeweka kwa ajili ya wezi, tunaelewa. Lakini nyumba ya vyumba vingi yenye nondo kila dirisha na geti moja linalofungwa kwa kufuli usiku, ufunguo akiwa nao mtu mmoja, moto ukitokea watu watatokea wapi? Wekeni walau dirisha moja lenye nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wa geti utundikwe mahali kila mpangaji anapajua. Mkiweza, tengeni kibaraza cha kupikia.

Gesi imeleta na jambo jingine: mafuta ya kukaangia yanashika moto upesi, kwa kuwa mwali wake ni mkali na mtu ameondoka kidogo kupokea simu. Usimwagie maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Zima gesi kama unafikia, funika sufuria kwa mfuniko wake, uiache hapo hapo mpaka ipoe. Usiibebe kuipeleka nje.

Moto ukiwashinda, tokeni wote, msirudi kufuata televisheni. Mmoja apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ataje kituo cha daladala au msikiti ulio karibu, maana nyumba zetu nyingi hazina namba. Mwingine akasimame barabarani aongoze gari, na wenye bodaboda na meza za biashara waondoe vitu njiani kabla halijafika.

Mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam