Kwa nini tumekuandikia "nani?" pembeni ya barua yako

Ukija kuchukua kazi uliyotuletea tuihariri ukaikuta imejaa "nani?" kwa kalamu nyekundu, usidhani mhariri amekukasirikia. Anamtafuta mtenda, yaani anayefanya jambo linalosemwa.

Juzijuzi kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kilituletea muhtasari wa kikao tuuchape na kuunyoosha. Mle ndani mlikuwa na hii: "Ilikubaliwa kuwa marejesho yakusanywe kabla ya tarehe 5 na taarifa itolewe kwa wanachama." Kisarufi haina kosa. Lakini yakusanywe na nani? Tukampigia katibu, akacheka: mwezi uliotangulia hayakukusanywa kabisa, maana yeye alidhani ni kazi ya mweka hazina, na mweka hazina alidhani ni ya katibu. Tukaandika: "Tulikubaliana kwamba mweka hazina atakusanya marejesho kabla ya tarehe 5, na katibu atawapa wanachama taarifa." Sentensi haikufupika, ila kila mzigo umepata mbebaji.

Mara nyingi hufupika, tena sana. "Zoezi la kufanya ukarabati wa paa lilifanyika na kukamilishwa na fundi wetu" ni maneno 12. "Fundi wetu alikarabati paa" ni manne. Hilo "zoezi la" ndilo linalotumalizia wino. Siku hizi hata kufagia uwanja ni zoezi.

Kauli ya kutendwa, kama "ilikubaliwa" au "yakusanywe", hatuipigi vita. "Nyumba hii haiuzwi" ukutani iko sawasawa. Ukiandika "Mimi fulani siuzi nyumba hii", umemaliza rangi bure na tapeli umemtajia jina la kughushi. "Nimeibiwa simu" nayo tunaiacha. Mwizi ungemjua ungekuwa kituo cha polisi, si kwetu. Tunachorekebisha katika kauli hiyo ni "na" ya mtenda na "kwa" ya kifaa. "Alijeruhiwa na panga" tunaigeuza "kwa panga", kwa kuwa panga halimvizii mtu. Aliyelishika ndiye anayestahili "na".

Barua za madai ndizo zinazotuchelewesha. "Fedha zilipokelewa na risiti haikutolewa": aliyepokea humjui, au unamwogopa? Hatuwezi kukubunia mtenda, kwa sababu sahihi ni yako. Kwa hiyo ukileta kazi tuachie namba ya simu inayopatikana. Tukikukosa, sentensi tunaiacha ilivyo, na "nani?" yake pembeni.