Usikiombee radhi chuo chako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Insha yako ya kuombea nafasi USC, chuo kikuu cha binafsi cha hapa Los Angeles, nimeisoma, ile uliyoniachia mezani na kalamu juu yake. Nakuandikia kwa sababu wiki hii niko zamu za usiku. Wewe ukirudi mimi nishatoka, na katikati ya Februari si mbali. Nataka uwe na maneno yangu mkononi utakapoiandika upya, maana naomba uiandike upya.

Lugha yako imenyooka, hapo sina neno. Kinachoniuma ni ukurasa wa kwanza. Karibu wote umeutumia kueleza kwa nini hukwenda chuo kikuu moja kwa moja ulipomaliza sekondari. Umetaja kodi ya nyumba, umetaja msiba wa babako, kisha ukasema ulilazimika kuanzia Santa Monica College. Mtu akiusoma anangojea kuambiwa ulifanya kosa gani. Hukufanya kosa, mwanangu. Uliingia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili kabla ya chuo kikuu, ukapata A ya anatomia na A ya takwimu, vitabu ukaviazima maktaba, na Jumamosi ukaja kunisaidia kwa wazee. Haya hayaombewi radhi.

Ngoja nikwambie vyuo hivi vilitoka wapi, kwa sababu nadhani hakuna aliyekueleza. Kikongwe chao ni cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Waliokianzisha ni William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya pale Joliet. Chuo Kikuu cha Chicago ni cha binafsi, tena chenye jina kubwa. Fikra ya Harper ilikuwa kwamba kijana asome miaka miwili ya mwanzo karibu na kwao, kisha ajiunge na chuo kikuu kumalizia. Kwa hiyo njia unayoipita wewe ilifikiriwa tangu mwanzo na mkuu wa chuo kikuu cha binafsi, awe na watu wa kuwapokea. Anayehamia anaingia kwa mlango uliojengwa kwa ajili yake.

Chuo chako kilifunguliwa mwaka 1929, na vyuo vya jamii vya California havikutoza ada ya masomo hadi mwaka 1984. Hata leo yuniti moja ni dola 46, yaani somo la yuniti tatu ni dola 138, na mwenye kipato kama changu husamehewa. Tom Hanks, yule mwigizaji, alianzia Chabot College kule Hayward kwa sababu kilikuwa bure, na amelisema hilo hadharani kwa fahari. Nawe liseme hivyo hivyo, kwa sentensi moja, kisha uendelee na yako.

USC wenyewe wanakijua chuo chako vizuri sana. Kila mwaka huchukua wanafunzi wa kuhamia zaidi ya elfu moja, na sehemu kubwa yao hutoka vyuo vya jamii vya California. Santa Monica ni kati ya vinavyopeleka wengi zaidi. Hata treni ya E unayoipanda pale 17th Street inasimama mlangoni mwao. Halafu kumbuka mwaka 2019, ulikuwa bado mdogo, waendesha mashtaka wa serikali walipofichua kwamba wazazi matajiri walitoa rushwa ili watoto wao waingizwe vyuo vikubwa kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. USC ilikuwa moja ya vyuo vilivyotajwa. Wazazi kadhaa walifungwa. Kama kuna wa kuona haya kwa njia aliyoingilia chuo kikuu, si mtoto wangu mwenye A ya anatomia.

Sasa insha. Swali lao ni kwa nini unataka kuhama na unakwenda kutafuta nini. Jibu lako unalo, ila umelificha kwenye aya ya mwisho, mistari miwili tu: kwamba unataka kusoma elimu ya uzee. Mwanangu, hilo ndilo lenyewe! USC wana shule nzima ya fani hiyo, Leonard Davis, iliyoanzishwa mwaka 1975, na ndiyo kongwe kuliko zote duniani katika fani yake. Kwenye vyuo vya UC, vyuo vikuu vya umma vya California, ulivyoomba Novemba umechagua saikolojia na afya ya jamii, na ni masomo mazuri, lakini shule kamili ya uzee haimo. Hiyo ni sababu ya kweli ya kutaka chuo cha binafsi chenye bei ile. Jina la chuo si sababu, wala mpira wao, wala marafiki zako wanaokwenda huko.

Na usianze kwa kusema unapenda kusaidia watu. Kila anayeomba anapenda kusaidia watu. Anza na yule mzee wa chumba cha mwisho kule kazini kwetu, aliyekuwa hanywi maji. Sisi wauguzi tulikuwa tunamwandikia kwamba anakataa. Wewe ulikaa naye Jumamosi moja ukaona mkono wake unapapasa meza, unaipita glasi, unarudi. Ukasema, Mama, hakatai, haioni, ni glasi nyeupe juu ya kitambaa cheupe na maji hayana rangi. Ukaenda jikoni ukaleta kikombe chekundu cha plastiki. Akakishika mwenyewe akanywa mpaka mwisho, akakupa kikombe uongeze. Baadaye ukamwuliza mwalimu wako wa anatomia jicho la mzee hupungukiwa na nini, ukaandika karatasi nzima juu ya macho na ubongo unaosahau. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na wenzangu pia, na wewe ndiye uliyeliona. Haya yote hayamo kwenye insha yako! Umeona ni jambo dogo. Andika kikombe kile, andika ulivyouliza, kisha waambie unataka kujua mengine yapi ambayo Santa Monica hawana mwalimu wa kukufundisha. Hapo ndipo chuo cha jamii kitaonekana kwa ukubwa wake, maana ndicho kilichokupa mwalimu wa kumwuliza.

Unaweza pia kumtaja bibi yako wa Kibokoni, ukipenda moyo wako. Kule Mombasa mzee hukaa barazani, watu wanapita wanamwamkia siku nzima, na hapa nawaogesha watu ambao mtoto wao huja sikukuu kwa sikukuu. Umeziona hali zote mbili. Lakini usiwahukumu watu wa hapa kwa hilo, wengi wao wanafanya kazi mbili kama sisi. Uliza tu swali lako kama mwanafunzi.

Mwalimu huyo wa anatomia ndiye wa kukuandikia barua ya mapendekezo. Mfuate ofisini kwake wiki hii, usimtumie ujumbe wa usiku. Mpelekee karatasi ile ya macho aikumbuke, na umwambie unaomba wapi na kwa nini. Mshauri wako wa uhamisho naye akuketishe chini mpitie masomo moja moja. Ule mtandao wa ASSIST mnaoutumia kuona masomo yanayohamishika ni wa vyuo vikuu vya umma vya California, UC na CSU. Vyuo vya binafsi kila kimoja kina kanuni zake, na USC wana orodha yao ya masomo ya Santa Monica wanayoyakubali. Digrii yao ni yuniti 128 na angalau 64 lazima uzisomee kwao, basi usiongeze masomo ya kiangazi ukidhani unapunguza gharama. Ukishafika kiwango, la ziada linabaki pale pale.

Tuje kwenye pesa, kwa maana najua ndiyo inayokunyima usingizi, na ndiyo sababu umeniuliza kama ni halali kuomba mahali tusipopaweza. Ada ya USC inapita dola 70,000 kwa mwaka, bado chumba na chakula. Ukiitazama bei hiyo utakufa moyo. Usiitazame. Bei yetu itajulikana siku watakapotuletea barua ya msaada wa fedha, na kabla ya hapo hatujui ni ghali au rahisi. Mwaka 2020 walitangaza kwamba familia zenye kipato cha dola 80,000 kwa mwaka au chini ya hapo hazitalipa ada, na sisi tuko chini ya hapo. Lakini walianza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo waandikie ofisi ya msaada wa fedha uulize kuhusu wanaohamia, na majibu yawe kwa maandishi. Juu ya hilo kuna ruzuku ya Pell ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Kuna pia Cal Grant, ruzuku ya jimbo la California, ambayo kwa chuo cha binafsi inafika zaidi ya dola 9,000. Cal Grant haisubiri mtu: FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha, iwe imefika kabla ya tarehe 2 Machi.

Barua hiyo ya msaada ikija tutaisoma pamoja, na tutaisoma polepole. Wanaweka vitu vyote kwenye safu moja, na chini kuna jumla kubwa ya kufurahisha. Ruzuku na ufadhili ni pesa ya bure, hizo tuzihesabu. Kazi ya chuoni ni mshahara, utaupata ukishaufanyia kazi, haupunguzi deni la muhula. Mistari ya mikopo tuitoe kabisa kwanza, halafu tuone kilichobaki. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kukopa serikalini hadi dola 7,500 kwa mwaka. Kuna na mkopo wa mzazi unaoitwa Parent PLUS. Yote ina riba. Hata ule ambao serikali hukubebea riba ukiwa darasani, ukishamaliza masomo na miezi sita ikapita riba inaanza kutembea. Babako, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakukubali riba hata kwa gari, tukapanda basi mpaka tukanunua bovu kwa taslimu. Parent PLUS sitaitia sahihi. Nakwambia mapema ili usije ukajenga nyumba juu yake. Pengo likiwa dogo tutaliziba kwa mikono yetu. Likiwa kubwa, hutakwenda USC, na utakwenda UC ukiwa umeinua kichwa. Uzee utausomea hata huko, kwa njia ndefu kidogo, na Leonard Davis watakuwepo ukitaka shahada ya pili.

Kuna jambo moja la tarehe ulifikirie kuanzia sasa. UC hutaka jibu la mwanafunzi anayehamia ifikapo tarehe 1 Juni. USC majibu yao hutoka mwishoni mwa Mei, na wengine huambiwa wangoje maksi za muhula wa pili mpaka Julai. Ikitokea hivyo, UC uliyoipata usiiachie. Tutatoa amana yao tarehe isipite, hata kama USC wakija baadaye tukaipoteza hiyo pesa. Nimeshaiweka kando.

Na maksi za muhula huu zitatazamwa, kwa hiyo maombi yakishaondoka usilegee. Punguza saa za dukani. Najua umeziongeza ili kunisaidia kodi, nami nashukuru sana, ila mimi nitaongeza zamu moja ya wikendi mpaka Mei na tutafika.

Jumapili siingii kazini. Baada ya Asri tukae tujaze CSS Profile, ile fomu ya pili ya fedha ambayo vyuo vingi vya binafsi huitaka juu ya FAFSA. Kwa kipato chetu wanaitoa bure, usilipe chochote. Fomu za kodi za miaka miwili nyuma ziko droo ya chini ya kabati langu, kwenye bahasha ya kahawia. Cheti cha kifo cha babako kimo humo humo, kwa sababu huwa wanauliza habari za mzazi wa pili, na sitaki ukitafute peke yako, ningoje nikitoe mimi. Insha mpya nayo uje nayo. Nisomee kwa sauti, kwa Kiingereza hivyo hivyo. Kama kikombe chekundu kimo kwenye aya ya kwanza, nitakupa ruhusa uitume siku hiyo hiyo.

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, wali wa nazi na maharagwe. Pasha moto, usile baridi.

Mamako