Fonti ya vichwa isishushwe kwenye maelezo ya picha

Mhariri,

Fonti mpya ya kurasa zenu za makala, ile ya ukoo wa Bodoni na Didot (herufi zenye mistari minene sana na myembamba sana), imevipendezesha vichwa vya habari. Kwenye pointi 48 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), nguzo zake, yaani mistari minene ya wima, na nyuzi zake, yaani mistari myembamba, zimetulia hasa. Lakini mmeiteremsha hadi kwenye maelezo ya picha, pointi 8, na huko haisomeki.

Tazameni neno "kesho". Kijiti cha katikati ya e ni uzi mtupu. Usiposhika wino, msomaji anapata "kcsho". "Mnunuzi" ndiyo balaa: nguzo 12 nene zimesimama wima, na kinachoziunganisha ni nyuzi hizohizo. Zikipotea, unabaki na ua wa miti. Nasi Kiswahili chetu kimejaa m, n na u.

Fonti ambayo uzi wake ni asilimia 2 ya saizi hutoa mstari wa milimita 0.42 kwenye pointi 60. Kwenye pointi 8, hiyohiyo inabaki na milimita 0.06 hivi. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na ina uso wa kukwaruza, kwa hiyo mstari mwembamba kiasi hicho ama hukatika ama huvimba. Maandishi meupe juu ya weusi ni mabaya zaidi, maana wino huyavamia kutoka pande zote mbili. Na mkiyatia rangi inayochanganywa kwa wino zaidi ya mmoja, pleti za kuchapia, moja kwa kila wino, zikipishana kidogo tu herufi huota kivuli.

Bodoni, mchapaji na mchongaji herufi aliyefanya kazi Parma, Italia, hadi alipofariki mwaka 1813, hakuwa na fonti moja ya kuvuta na kufinya. Enzi za herufi za madini ya risasi, kila saizi ilichongwa peke yake, na zile ndogo zilipewa nyuzi nene zaidi. ITC Bodoni, toleo la kisasa la fonti yake, imefuata njia hiyo: ina michoro mitatu, wa pointi 6, wa 12 na wa 72. Kosa la kawaida ni kuchukua wa 72 kwa kila kitu kwa sababu ndio unaong'aa kwenye kompyuta.

Ushauri wangu: chini ya pointi 24 tumieni fonti nyingine, yenye nyuzi imara. Kwenye vichwa, banani nafasi ya herufi kidogo, ila msizifinye herufi zenyewe kwa upana. Nguzo hukonda, nyuzi za mlalo hubaki zilivyo, na umbo lote huharibika. Wala msitie unene bandia kwa kuzungushia mstari, kwa sababu uzi hunenepa kwa kiwango kilekile na nguzo, na ule utofauti unaofanya fonti ipendeze hutoweka.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye karatasi ileile ya gazeti. Ile nyeupe ya printa ya ofisini huficha makosa yote haya.

Msanifu kurasa