Mkihesabu vyeo vya Rugunda, msiruke Juba

Ndugu Mhariri,

Hapa stendi ya malori Gulu, ninakopiga soga tangu nistaafu, jina la Dkt. Ruhakana Rugunda, mwanasiasa wetu wa Uganda, likitajwa watu huanza kuhesabu vyeo vyake kwa vidole, kama ile orodha mliyochapisha. Aliingia baraza la mawaziri 1986. Mambo ya Nje, 1994 hadi 1996. Mambo ya Ndani, 2003 hadi 2009. Kisha balozi Umoja wa Mataifa, waziri wa teknolojia ya mawasiliano, waziri wa afya (hiyo angalau aliisomea), mwisho waziri mkuu, Septemba 2014 hadi Juni 2021. Vidole vikiisha, wanacheka: huyu kiti hakikumchoka!

Nami nacheka nao, ila kuna kidole wanakiruka kila mara.

Mwaka 2004 nilikuwa naendesha Fuso kati ya Kampala na Gulu, kuja na sabuni na sukari, kurudi na simsim. Ukifika Karuma, penye daraja la Mto Nile, ulingoja magari mengine yakusanyike, maana peke yako huthubutu. Jioni nikiegesha mbele ya duka la tajiri wangu, veranda imeshajaa watoto waliotembea kutoka vijijini waje kulala mjini, wasitekwe na waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony. Wengine waliingia chini ya lori. Asubuhi, kabla sijawasha injini, taniboi wangu aliinama akahesabu miguu. Mpaka leo nikipanda gari, hata la mtu, huinama kwanza.

Julai 2006 Rugunda akaongoza ujumbe wa serikali kwenda Juba, kusini mwa Sudan, kwa mazungumzo ya amani na waasi hao, mpatanishi akiwa Riek Machar, kiongozi wa huko. Agosti 26 wakasaini kusitisha mapigano. Sisi madereva hatukuamini, tukaendelea kungojana Karuma. Halafu jioni moja nikaegesha, nikakuta kwenye veranda watoto wanne tu, nao wanacheza karata.

Najua nitajibiwa. Kony hakusaini mkataba wa mwisho Aprili 2008, na Desemba ndege za vita zikaenda kushambulia kambi zake Garamba, huko Kongo. Ni kweli. Kweli pia kwamba fidia ya ng'ombe sita wa marehemu baba waliopotea vitani nimeijazia fomu mara tatu, katika ofisi ambayo siitaji, na sijaona hata kwato. Kuhusu ile miaka karibu saba ya uwaziri mkuu, sina la kumtetea: alikuwa mpole, basi.

Lakini vita havikurudi Acholi, huku kwetu kaskazini. Na kukaa meza moja, mwezi baada ya mwezi, na wajumbe wa watu walioteka watoto wetu, wakisusa ukawangoja, wakirudi ukaanza upya, si kila mwanasiasa anao moyo huo. Wengi ninaowajua wangepanda ndege wiki ya pili.

Basi mkichapisha tena orodha yake, Juba iwekwe juu ya uwaziri mkuu.

Dereva mstaafu,
Gulu