Kwa Yaya, Kolwezi: njoo usome nasi

Lubumbashi, Katuba

Yaya, mkubwa wangu mpendwa,

Jambo sana. Huku kwetu tuko wazima, mama anakusalimia. Ujumbe wako niliupata nikitoka darasani. Unauliza kama kweli mtu wa uchumi na uhasibu anaweza kusoma sera za afya, au atakuwa ameingia shamba la madaktari bila ruhusa. Nimeona nisikujibu kwa simu. Jibu langu ni uje, tena uje ukiwa mchumi, usijaribu kugeuka daktari nusu.

Nikueleze kwa jambo nililoliona kwa macho. Katika hospitali moja ya hapa mjini nilikuwa daktari wa zamu wodi ya wazazi. Mama mmoja alijifungua kwa kupasuliwa, kidonda kikakauka vizuri, mtoto akawa ananyonya, nami nikamwandikia aende nyumbani. Hakwenda, kwa sababu fakturi, yaani bili ya hospitali, haikuwa imelipwa. Alihamishiwa chumba cha nyuma pamoja na wenzake wenye deni, na kila asubuhi mlinzi alipita kuwahesabu. Ile fakturi aliifunga kwenye ncha ya kitenge. Aliifungua akanionyesha: glovu zimeandikwa peke yake, uzi peke yake, sindano peke yake, kitanda peke yake, mstari baada ya mstari, na chini kabisa jumla ambayo mume wake, muuza makala (mkaa), hawezi kuipata hata akiuza magunia yote aliyonayo.

Lile tumbo nilijua kulishona. Karatasi ile haikuwa fani yangu. Kwa nini kila kitu kiuzwe peke yake, badala ya bei moja ya jumla ambayo mama angeijua tangu mimba ikiwa changa, akaanza kuweka akiba? Nilipouliza nikaonyeshwa upande wa pili. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, wanaishi kwa prime, yaani posho, inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa. Ukifuta deni la mama huyu bila kuweka kitu mahali pake, umemnyima bukari, ugali wake, yule yule muuguzi aliyemshika mkono usiku kucha. Ndiyo maana nafuatilia sana mpango wa kujifungua bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote, lakini nataka kujua hela inafika kituoni lini, inapitia mikono ya nani, na muuguzi anakula nini wakati anaisubiri. Hayo ni maswali yako, Yaya.

Tena wachumi wenzako waliyaona zamani. Mwaka 1963 Mmarekani Kenneth Arrow alieleza kwa nini matibabu hayauzwi kama bidhaa nyingine: mgonjwa hajui ataugua lini, hajui anachohitaji, na anayemwambia anachohitaji ndiye huyo huyo anayemuuzia. Mwalimu alipotusomea hoja hiyo nilimfikiria yule mama. Angebishana vipi bei ya uzi akiwa juu ya meza ya upasuaji?

Uliuliza pia kuhusu mpangilio wa masomo haya kwingine. Harvard, huko Marekani, doktora ya sera za afya inaendeshwa na vitivo sita kwa pamoja, kuanzia utabibu na afya ya umma hadi sheria, biashara na utawala wa serikali. Wote wanasoma msingi mmoja, kisha kila mtu anachagua fani ya kuzama ndani yake, kwa mfano uchumi, uchambuzi wa siasa au sayansi ya kufanya maamuzi. Mpangilio huo naupenda kwa sababu haumruhusu mtu kujua kidogo kidogo cha kila kitu na kutoweza kazi yoyote. Huku kwetu kuna shule ya afya ya umma ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ninakosoma mimi, iko ya Kinshasa, na Bukavu wana yao kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki. Popote utakapokwenda, shikilia uchumi wako.

Sasa nikwambie kinachonifanya nikusumbue wewe hasa. Wewe ni mtoto wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba. Unakumbuka wazee wetu walivyosema kampuni ni baba na mama: bunga (unga) inatoka kwake, shule kwake, hospitali kwake, hata uzazi wa wake zao uliandikwa kwake. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, kampuni ikadhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa hela ya mara moja tu, na haki ya kutibiwa ikaenda na kazi. Nani ameandika vizuri afya ya familia zile iligharimu nini, na nani aliulipa mzigo ule? Daktari ataniambia kuhusu presha na kisukari. Mwanahistoria ataniambia kuhusu Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, na jinsi ilivyotaka vibarua wenye afya ili shaba itoke. Hesabu yenyewe bado inamngoja mtu kama wewe.

Na hapo Kolwezi, mji wa migodi, uko katikati ya jambo. Mwaka 2020 watafiti wa UNILU na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Waliona hatari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba anafanya kazi inayohusiana na migodi. Wataalamu wa sumu wamefanya sehemu yao. Upande wa sheria, sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018, yaani ile code minier unayoishika kila siku kazini, inazidai kampuni asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Kwenye kikao cha kupanga matumizi ya hela hiyo, ni nani mezani anayeweza kusoma hesabu za kampuni, akajua kama asilimia hiyo imetoka kamili, kisha akasema kwa nini maabara ya kupima metali kwenye mkojo itangulie, au isitangulie, ukumbi wa mikutano? Daktari mkuu wa zoni ya afya anaingia kikao kile peke yake, na zoni ziko zaidi ya 500 nchini.

Sikufichi, tunagombana darasani. Mchumi akianza kukokotoa bei ya mwaka mmoja wa uhai uliookolewa, sisi tuliotoka wodini damu inachemka. Mimi bado nakasirika. Lakini nimekubali kwamba bajeti inachagua nani apone, hata kama hakuna aliyeandika hesabu hiyo, na heri iandikwe tuione tuibishie. Na wanafunzi wenzetu wa sayansi ya siasa wanatubana sote wawili, daktari na mchumi: Desemba 2018 uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kama sababu mojawapo, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola. Chanjo ilikuwapo. Imani ndiyo iliyokosekana, na hakuna dozi ya imani kwenye friji.

Jambo moja usilipuuze: takwimu. Anza kujinoa sasa, jioni watoto wakilala, na Kiingereza vilevile, maana makala nyingi ziko kwa lugha hiyo. Anatomia niachie mimi, tutasaidiana.

Nitumie kopi ya diplomu yako na karatasi za alama, nitapita sekretarieti kuuliza masharti ya watu wa fani nyingine. Ongea na shemeji mapema kuhusu karo na safari, asije akasikia kwa watu. Ukija, chumba kipo hapa Katuba.

Wasalimie watoto wote.

Mdogo wako