Kabla hujaandika jina lako kwenye bili

Tanga, 24 Agosti 2025

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, miguu ya mama yako imepungua kuvimba, na ule ujumbe wako wa sauti tumeupata. Umeeleza mengi kuhusu nyumba mpya huko Leicester, Uingereza: bustani ya nyuma, chumba cha juu, basi linalopita karibu. Mwishoni kabisa, kwa haraka haraka, ukasema bili zote zitakuwa kwa jina lako kwa sababu wenzako wanakuamini. Mama yako alisikia bustani. Mimi nimesikia hayo ya mwisho, na tangu hapo sijatulia. Nakuandikia barua kwa kuwa kwenye simu utanijibu "sawa baba" kabla sijamaliza.

Mko wanne. Mwenye nyumba ameandika kwenye mkataba kuwa umeme, gesi na maji ni juu ya wapangaji. Huyo kijana wa Kiingereza, aliyezaliwa hapo, mwenye mshahara na akaunti ya benki ya miaka, jina lake halimo. Wewe mgeni, uliyekaa bweni la chuo mwaka mzima ambako kila kitu kilikuwa ndani ya kodi, ndiye unayetoa jina. Sisemi wana nia mbaya. Nauliza tu, kwa nini wewe?

Najua utaniambia unaihitaji bili. Kule karatasi ya umeme au ya maji ndiyo inayothibitisha mtu anakaa wapi. Benki huiomba, na mara nyingi hutaka isiwe imezidi miezi mitatu. Ni kweli. Baba yako mdogo wa Reading alikaa mwaka wake wa kwanza nyumba ya watu bila jina lake kuwa popote, na kila alikokwenda aliambiwa alete uthibitisho wa makazi. Lakini kwa shida hiyo bili moja inatosha. Chukua maji. Umeme na gesi, ambavyo ndivyo mzigo wenyewe, achukue huyo mwenye mshahara, au yaandikwe majina yote manne. Kampuni nyingi zinakubali majina zaidi ya moja kwenye akaunti. Waulizeni.

Nikueleze kinachonitia hofu, maana nadhani hukukaa ukakifikiria. Huku kwetu deni la umeme hukaa kwenye mita. Mpangaji akitoroka na deni, anayeingia ananunua LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, anaona uniti zimekatwa, anakwenda kugombana na mwenye nyumba, basi. Hata kodi ya jengo, ambayo ni ya mwenye nyumba, tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, na mpangaji ndiye anayeitoa mfukoni kwanza, kudaiana baadaye. Ndiyo maana mtu wa huku anaiogopa mita, jina halimshughulishi. Kule ni kinyume. Deni linakaa kwenye jina, na jina unahama nalo. Ukitoka Leicester ukaenda Manchester, linakuja. Likifika kwa wale wanaotunza kumbukumbu za wadaiwa, alama yake inakaa miaka 6, na kila utakapotaka simu ya mkataba, au nyumba nyingine, au mkopo, watafungua na kuisoma. Wewe hapo huna historia yoyote, nzuri wala mbaya. Ukurasa wako ni mtupu, na nisingependa mstari wa kwanza uandikwe kwa gesi ya watu wanne.

Tena hawakati haraka. Maji ya nyumbani, sheria yao tangu 1999 inakataza kabisa kuyakata kwa sababu ya deni. Ukimwambia mtu wa Ngamiani atasema hiyo ni neema. Mimi naona ndipo hatari ilipo. Huku ukikatiwa unajua unadaiwa. Kule bomba linatiririka na deni linatiririka nalo.

Sasa mita. Kwenye hili usiniambie habari za zamani, maana kazi hii ya kusoma mita nimeifanya kwa miguu yangu mpaka LUKU ilipotuondoa mitaani. Siku utakayopewa ufunguo, kabla ya kupanga vyombo, kabla ya kubandika maji ya chai, tafuta mita. Zitakuwa mbili, ya umeme na ya gesi. Baba yako mdogo anasema mara nyingi ziko kabatini chini ya ngazi, au nje ukutani kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa ufunguo mdogo wa pembe tatu, basi mwombe wakala wa nyumba huo ufunguo mapema, usije ukaambiwa urudi Jumatatu. Piga picha. Picha ionyeshe usomaji pamoja na namba ya mita yenyewe, si usomaji peke yake. Tarakimu nyekundu au zilizo baada ya nukta usizihesabu unapowatumia kampuni. Kama kuna mita ya maji, nayo piga.

Halafu fanya hivi. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji uichomoe, mwombe kila mmoja achomoe simu yake. Simama mbele ya mita ya umeme. Za kisasa zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Za zamani zina kisahani kinachozunguka. Ngoja dakika kadhaa. Kama taa inaendelea kupepesa au kisahani kinazunguka, basi kuna mtu mwingine anakula kwenye waya wako, au hiyo mita si yenu. Nyumba zilizokatwa katwa vyumba hilo si ajabu, mita ya juu kuandikwa anwani ya chini. Namba iliyo kwenye mita ilingane na namba iliyo kwenye bili. Nimewahi kupanda ngazi Makorora kukata waya wa mwalimu mmoja, na nilijua fika kuwa deni ni la mpangaji aliyemtangulia. Yeye alijiandikisha kabla mita haijasomwa, basi karatasi ikawa inamsema yeye. Hakugomba, alinishikia ngazi. Tulikuwa tukiswali safu moja. Baadaye tukawa tunasalimiana kwa mbali. Agizo lilikuwa agizo.

Kwa hiyo usiniambie "nitasoma wikendi". Siku ile ile.

Usidhani pia kwamba ukikaa kimya huna mkataba. Sheria ya kule inakuhesabu mteja wa kampuni iliyopo tangu siku ya kwanza mnapoanza kukaa kwenye nyumba ile na kutumia, hata kama hamjasaini chochote, na bei ya namna hiyo kwa kawaida si ya kupendeza. Waandikie siku hiyo hiyo: tarehe ya kuingia, usomaji, majina. Baadaye mkitaka mtahama kampuni. Umeme na gesi kule mtu huchagua muuzaji wake. Maji hayachaguliwi, ni ya eneo. Usipowapelekea usomaji watakadiria, na bili ya kukadiria naijua mimi. Hukaa chini miezi ya mwanzo mkafurahi, halafu siku moja wanasoma kweli na tofauti yote inakuja mara moja, wenzako wawili wameshahama.

Kama ni mita ya kulipia kabla, ile ya kupeleka ufunguo wa plastiki dukani kuutia fedha, hiyo ni ndugu ya LUKU na ina tabia za LUKU. Ukikuta ufunguo wa zamani kwenye droo ya jikoni usiutie hata pauni moja. Huenda umebeba deni la aliyekuwepo na utaanza kumlipia. Pigia kampuni simu, sema umeingia leo, wakupe mpya.

Zitakuja pia barua za watu waliohama, nyingine za wakusanya madeni, zenye wino mwekundu wa kutisha. Usilipe deni la mtu kwa sababu barua imeingia mlangoni kwako. Wajibu kuwa huyo hakai hapo. Lakini ile isiyo na jina, iliyoandikwa kwa mkaaji tu, fungua, maana hiyo inaweza kuwa yako.

Kuna hili la huyo kijana kufanya kazi. Nyumba ya wanafunzi watupu wa muda wote haitozwi kodi ya halmashauri. Akiwemo mfanyakazi mmoja, inatozwa, inapunguzwa robo, na ni yake yeye, siyo yenu. Barua ya chuo ya kuthibitisha kuwa u mwanafunzi ipeleke halmashauri mapema. Akisema mgawane kwa nne, mkono wako unaweza kumpa kitu kwa hisani ukitaka, jina lako lisiguse ile karatasi. Nakujua. Wewe kusema hapana ni kazi kubwa. Ya lile daftari la dukani sitaki kuyarudia, ila unayakumbuka.

Kuhusu fedha zenyewe, wenzako walete sehemu zao kabla kampuni haijavuta benki, si baada. Kampuni itavuta kiasi kile kile kila mwezi, kiangazi mkiwa mnatumia kidogo na baridi mkiwa mnatumia sana, na fedha ya kiangazi isionekane ya ziada mkaila. Usidanganyike na habari za kikomo cha bei. Ofgem, wasimamizi wa umeme na gesi, ambao kule ni kama EWURA huku, hukipanga upya kila miezi mitatu, lakini ni kikomo cha bei ya uniti na tozo ya kila siku, bili yenyewe haina kikomo. Mkiwasha joto nyumba nzima Januari na mtu kaacha dirisha wazi, mtalipa. Ile tozo ya kila siku nayo inahesabiwa hata mkiwa mmesafiri wote. Dhamana ya nyumba isizidi kodi ya wiki 5, na mwenye nyumba aiandikishe kwenye mpango unaotambuliwa ndani ya siku 30, mpewe maelezo yake. Habari za leseni ya televisheni muulize baba yako mdogo, mimi zimenishinda.

Sikuandikii haya kwa kuwa nakuona mtoto. Mtaani wananisimamisha, nawaambia yuko mwaka wa pili, na mzee wa duka la nyavu ananiomba kila mara nimwonyeshe zile picha zako za theluji. Wewe ndiye wa kwanza kwetu kusaini mkataba wa nyumba kwa Kiingereza na kuusoma wote. Umeusoma wote? Kifungu cha kuhama pia kisome. Siku ya kutoka ni mita tena, picha tena, na uwaachie kampuni anwani mpya ili bili ya mwisho isikutafute gizani.

Sasa najua unacheka, maana bili ya maji ya nyumba hii bado inakuja kwa jina la babu yako, na babu yako tulimzika 2009. Mama yako amenikumbusha hilo jana nilipokuwa nasoma barua hii kwa sauti, akacheka mpaka akakaa chini. Mamlaka ya maji wanataka nyaraka za nyumba, cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Cheti kiko kwa shangazi yako wa Pangani, na shangazi yako unamjua. Si jambo moja na lako. Hapa kila mtu anajua babu ni nani na nyumba ni ya nani. Nikipata nafasi baada ya Ijumaa nitakwenda.

Mdogo wako ana mtihani wa kidato cha nne Novemba na bado hesabu zinamsumbua. Mpigie yeye mwenyewe, mimi nikimwambia anaona namsema. Fedha ulizotuma za bati, mama yako amenunulia cherehani iliyotumika na akaniambia nisikuambie; bati la jikoni limezibwa kwa lami, litavuka vuli. Mtungi wa gesi umeisha, wiki hii tuko kwenye mkaa, usitume kitu kwa ajili hiyo, lipa kwanza kodi yako. Anataka kukushonea pazia la chumba kipya kwa hiyo cherehani, na kuna mtu wa Chumbageni anasafiri mwezi ujao atalibeba. Pima dirisha, upana na urefu, kwa sentimita, na useme kama fimbo ya pazia ipo au utanunua.

Wasalaam,
Baba yako